Utepe wa Daraja la Mikongeni

Asubuhi ile nilikuwa napiga pasi utepe.

Siyo utepe wa nywele. Utepe wa daraja. Mwekundu, mpana kama kiganja, na ukiunyoosha unaanzia mlangoni kwetu unafika banda la kuku. Unakaa darajani mvua na jua, mbuzi wanaulamba, na kila ikitangazwa tarehe mpya ya uzinduzi, Mtendaji wetu Bwana Mpangala anaufungua na kuuleta kwetu ufuliwe na upigwe pasi, kwa sababu mama ndiye mwenye pasi ya mkaa isiyodondosha majivu. Pasi ni ya mama ila mkono ni wangu. Kazi hii nimeianza nikiwa darasa la saba na sasa niko kidato cha pili.

Msiwe na wasiwasi kwamba utepe ukiwa kwetu daraja linabaki wazi. Nchi yetu haina uzembe wa hivyo. Utepe ukiondolewa, mgambo anasimama palepale ulipokuwa, mikono ameinyoosha huku na huku, na anaitwa Kaimu Utepe. Mbuzi wanamlamba na yeye.

"Siwema, moto usizidi," mama akaniambia. "Ukiunguza hicho kitambaa, tutahamia nchi gani?"

"Muache aunguze," akasema dada Tausi. "Angalau tutapita."

"Tausi! Kuta zina masikio."

"Hizi zetu zina nyufa tu, mama."

Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, tumbo liko mbele yake kama mgeni aliyefika kabla chakula hakijaiva. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, kwa hiyo alirudi kujifungulia kwa mama, ndivyo tunavyofanya kwetu. Ila nesi wa hospitali ya ng'ambo alishampima akamwambia mtoto kalala vibaya, kakingama kama gogo barabarani, asithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, avuke. Nesi hakusema avuke kwa kupitia wapi. Na yeye ni mtumishi wa serikali.

*

Labda wewe unayesoma unatoka nchi nyingine, basi nikueleze kidogo.

Kwetu kitu kisipozinduliwa hakipo. Kinaonekana, unaweza hata kujigonga nacho ukavimba, lakini hakipo. Anayekifanya kiwepo ni mgeni rasmi, na anakifanya kwa mkasi. Shuleni tuna madarasa mawili mapya yenye madirisha ya vioo. Tunasomea nje, tumeegemea kuta zake, na mwalimu mkuu anatuomba tusipumulie vioo. Wilayani walinunua gari la zimamoto, likawekwa uwanjani na utepe wake kumsubiri mgeni rasmi, siku moja likashika moto. Watu walikuja na ndoo zao, wakasimama. Utazimaje kitu ambacho hakipo? Wakarudi na maji yao nyumbani, wakaogea.

Na msidhani ni serikali peke yake. Shemeji Hamduni, mume wa dada, alijenga choo kipya akakifunga utepe uliobaki kwenye harusi yao, akamwalika mjumbe wa mtaa aje akizindue saa nne asubuhi. Mjumbe akaja saa tisa alasiri. Wageni walikuwa wameshakula pilau tangu saa sita. Sielezi zaidi, mimi ni msichana.

Daraja letu ni la zege, kingo zake nyeupe, taa zipo. Upande wa pili ndiko iliko lami, hospitali, soko, kila kitu. Upande wetu tuko sisi. Siwezi kusema daraja halina faida. Tunapovuka mto kwa miguu, sketi tumekunja, viatu kichwani, linatupa kivuli kizuri sana.

Aliyetakiwa kulizindua ni Mheshimiwa Waziri wa Madaraja, Vivuko na Mambo Yanayofanana na Hayo. Mara ya kwanza alikuwa na mafua. Mara nyingine alikuwa anazindua msimu wa uzinduzi. Kuna mara moja alikuja kabisa, mpaka tukaona vumbi, lakini redio ikatangaza akiwa njiani kwamba yeye siyo waziri tena, akageuza gari. Huyu wa safari hii alikuwa mpya, na watu walisema huyu anakuja kweli, kwa sababu walioleta viti walikuwa wamevifuta.

*

Wiki moja kabla, alifika kijijini Afisa Itifaki, Madamu Devota, kutuchagua. Waimbaji aliwachagua kwa sauti na wacheza ngoma kwa viuno. Akafika kwangu.

"Wewe ndiye Siwema?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimemuuliza mwalimu wako, ameniambia hajawahi kusikia sauti yako. Safi sana. Utashika sinia la mkasi. Huongei, hucheki, humtazami Mheshimiwa usoni. Sinia liwe hapa, usawa wa kifua. Wewe siyo mtu, umenielewa? Wewe ni meza iliyovaa sare."

Nilitaka kumuuliza itakuwaje nikipiga chafya, na nadhani nilimuuliza, lakini kwa sauti ndogo kiasi kwamba hata mimi sikusikia.

Ukweli nilifurahi. Mimi watu zaidi ya watatu wakinitazama magoti yanalegea. Kuwa meza ilikuwa nafuu. Hakuna anayeitazama meza.

Basi asubuhi ile nikamaliza kupiga pasi, Bwana Mpangala akaja kuuchukua utepe, ameubeba kwenye mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Kaimu Utepe akashusha mikono, akaomba maji. Utepe ukafungwa mahali pake, upande wetu, maana turubai, viti, spika na kivuli vyote vilikuwa upande wetu. Nami nikasimama pembeni na sinia langu, mkasi juu ya kitambaa cheupe, nikaanza kuwa meza.

Usiku kulikuwa kumenyesha huko milimani. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unapita na magogo na sufuria ya mtu. Siku ile hakuna aliyevuka kwa miguu.

*

Saa saba msafara ukaonekana. Magari meusi, taa, honi, pikipiki mbele. Bendi ikainua matarumbeta. Waimbaji wakavuta pumzi.

Msafara ukasimama upande wa pili wa mto.

Bwana Mpangala akavua kofia, akaivaa tena.

"Mheshimiwa ametokea ng'ambo," akasema.

Bi Zena, jirani yetu, ambaye nusu ya kijiji amewazalisha na nusu nyingine anawatukana, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ulitaka atokee wapi, Mpangala? Aibuke mtoni kama kiboko? Lami iko kule, gari lake litapita wapi?"

"Lakini utepe uko huku!"

"Nani aliuweka huku?"

"Kamati."

"Na kamati ni nani?"

"Ni... mimi na mwenyekiti."

"Basi hongereni."

Ng'ambo akajitokeza Katibu wa Mheshimiwa na kipaza sauti cha mkononi. "Mheshimiwa anauliza, utepe uko wapi?"

Bwana Mpangala akachukua kipaza sauti chetu. "Uko huku, Mheshimiwa! Umepigwa pasi! Karibuni mpite!"

"Mpite wapi?"

"Darajani!"

"Mheshimiwa hawezi kupita kwenye daraja ambalo halijazinduliwa! Usalama wake nani ataujibia?"

"Basi tuulete utepe huko!"

"Mtaupitishia wapi?"

"Darajani!"

"Daraja gani?"

Bwana Mpangala akatazama daraja. Lilikuwa refu, jeupe, taa zinawaka mchana. Akainamisha kichwa. "Samahani, Mheshimiwa. Nilipitiwa."

Wakashauriana kule. Katibu akarudi. "Mheshimiwa ametumia busara! Amekukaimisha wewe Mtendaji, ukate kwa niaba yake!"

Watu wakapiga makofi. Bwana Mpangala akanyoosha koti, akaja kwangu kuchukua mkasi. Madamu Devota akamshika mkono.

"Barua ya kukaimishwa iko wapi?"

Bwana Mpangala akauliza ng'ambo barua iko wapi.

"Ninayo hapa!" Katibu akaipeperusha juu, tukaiona wote, nyeupe, hata muhuri wake tukauona. "Ije ichukuliwe!"

Bwana Mpangala akautazama mto, akavua tena kofia. Hata Bi Zena hakumtukana mtu, na hiyo ilinitisha kuliko mto.

Lakini hotuba haizuiliwi na maji. Mheshimiwa akapewa kipaza sauti, akaanza.

"Ndugu wananchi! Daraja ni nini? Daraja ni kiunganishi! Bila daraja, watu wa huko wangebaki huko, na sisi wa huku tungebaki huku, tunatazamana tu! Leo hii mnajionea wenyewe!"

Tukajionea. Tukapiga makofi.

*

Alikuwa amefika kwenye mpango wa kujenga madaraja hata sehemu zisizo na mito, ili zisijisikie vibaya, niliposikia sauti ya mama nyuma ya turubai.

"Pisheni! Pisheni jamani! Chupa imepasuka!"

Shemeji Hamduni alikuwa anasukuma toroli la zege. Ndani kulikuwa na godoro, na juu ya godoro dada Tausi, ameng'ang'ania kingo mbili za toroli, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Watu wakapisha vizuri tu, wakasogeza hata viti. Shemeji akaja mbio, mbio, mbio, akafika kwenye utepe.

Akasimama.

Ndipo nilipoishangaa nchi yangu. Nilidhani polisi watamzuia, au mgambo, au Madamu. Hakuna aliyemgusa. Alisimama mwenyewe.

"Hamduni," dada akasema, meno ameyauma. "Mbona umesimama?"

"Utepe."

"Nauona utepe. Nakuuliza mbona umesimama."

"Tausi mke wangu, kuna utaratibu..."

"Hamduni, nikitoka humu kwenye toroli nikiwa mzima, utautafuta huo utaratibu uoe."

Bi Zena akaja, akaweka mkono tumboni kwa dada, akaukaza uso. Bi Zena hakazi uso hovyo. "Huyu hazaliki hapa," akamwambia mama kwa sauti ya chini. "Mkono ndio uko mbele. Anamtaka daktari, na anamtaka sasa hivi."

Ng'ambo, kwenye msafara, kulikuwa na gari la wagonjwa. Jeupe, taa zinazunguka, mlango wa nyuma uko wazi, nesi kakaa ndani anakula ndizi. Gari lile linaongozana na Mheshimiwa kila aendako, endapo atachoka.

"Si tuinue utepe wapite chini!" akasema mama.

Madamu Devota akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Kupita chini ya utepe ni kuuvunjia heshima! Bora hata kuukata!"

"Basi tuukate!"

"Mama, kuukata ni heshima ya mtu mmoja tu katika nchi nzima, na yuko ng'ambo!"

Dada akapiga ukelele. Ulikuwa mrefu, ukapita juu ya maji. Kule hotuba ikakatika.

"Mheshimiwa anauliza," akasema Katibu, "huyo mama anapiga kelele za nini?"

Bwana Mpangala akamtazama dada, akamtazama Madamu, akatazama magari meusi.

"Ni shangwe, Mheshimiwa!"

"Mheshimiwa anashukuru kwa mapokezi!"

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, sinia usawa wa kifua. Dada akageuza shingo kwenye toroli. Hakuniomba. Hakunilaumu. Alisema tu, "Siwema," kama alivyokuwa ananiita zamani tukilala kitanda kimoja na yeye anaogopa panya.

Nikaukata utepe.

Haukukatika mara moja. Mkasi ulikuwa mpya na mgumu, nadhani na wenyewe ulikuwa haujazinduliwa. Nikauminya kwa mikono miwili, sinia likaanguka, utepe ukaachia, ncha moja huku, ncha moja kule.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wa nje hawatuelewi. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyenikamata. Utepe ulipogusa chini, bendi ikapiga. Mkuu wa bendi baadaye alijitetea kwamba wao wamefundishwa hivyo, utepe ukianguka unapuliza, huangalii nani kakata. Bendi ilipopiga, waimbaji wakaanza kuimba. Waimbaji walipoanza, kina mama wakapiga vigelegele. Na Bwana Mpangala, ambaye amekuwa mshereheshaji miaka mingi na mdomo wake unajiendesha wenyewe, akanisogelea na kipaza sauti.

"Na sasa, kwa heshima na taadhima, namkaribisha mgeni rasmi azungumze na wananchi!"

Akajisikia alichosema. Akageuka rangi. Akamtazama Madamu Devota amuokoe.

Madamu alikuwa na machozi machoni. "Utaratibu ni utaratibu," akasema. "Aliyekata ndiye mgeni rasmi. Mpe."

Watu mia kadhaa wakanitazama. Nikasema neno moja, na lilitoka kwenye spika kubwa kuliko mimi, likavuka mto, likagonga kilima, likarudi.

"Pisheni."

Wakapisha! Kwa nini wasipishe, si amesema mgeni rasmi? Upande wetu wakapisha, toroli likaingia darajani, gurudumu linalia, mama nyuma kashika kanga, Bi Zena nyuma yake anamtukana shemeji aongeze mwendo. Na upande wa pili walinzi, waliposikia bendi, wakajipanga mistari miwili kama walivyozoea. Mheshimiwa mwenyewe alisogea pembeni, akapiga makofi. Nesi akatupa ganda la ndizi, wakambeba dada, mlango ukafungwa, gari likaondoka na king'ora.

Daktari alimzalisha kwa kisu. Akatoka mtoto wa kike, ngumi amekunja, analia kwa sauti ambayo kwa hakika hakuitoa kwangu.

*

Kesho yake redio ikasoma taarifa. Ilisema Mheshimiwa alifanya ziara yenye mafanikio, kwamba daraja la Mikongeni halijazinduliwa, na kwa kuwa halijazinduliwa, hakuna mtu yeyote aliyelivuka.

Tukaisikiliza mara mbili, mchana na jioni. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuielewa.

"Kama hakuna aliyevuka," akasema polepole, "basi Tausi hakuvuka."

"Tausi yuko hospitali ng'ambo," akasema mama.

"Yuko, ila hayuko. Yuko huku. Na kama yuko huku, hajazaa."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Kiserikali dada yangu bado ana mimba.

Mimi walikuja kunihoji, mabwana watatu wenye mafaili. Wakakaa sebuleni wakanywa chai, wakagundua tatizo. Wakinishtaki kwamba nimekata utepe, basi utepe ulikatwa, na daraja limezinduliwa na mtoto wa kidato cha pili. Wasiponishtaki, sikukata. Wakanywa chai nyingine. Mwisho wakaniambia sikukata, na nisirudie tena. Na nisimwambie mtu. Hilo kwangu lilikuwa rahisi.

Lakini kijiji hakisahau. Kwa siri wananiita Mgeni Rasmi Mstaafu. Kwenye misiba wananiweka kiti cha mbele, nami natamani ardhi inimeze. Watu wanakuja uani, wanaangaza huku na huku, wanatoa kitu kwenye kanga. "Siwema mwanangu, kata hapa kidogo tu, kitumike." Nimeshazindua ndoo ya Bi Zena, jogoo mmoja, na meno ya bandia ya mwenyekiti. Yeye alikuwa ameyaweka kwenye glasi miezi minne, anakula uji.

Utepe mama aliushona. Ukarudishwa darajani, na maji yalipopungua sisi tukarudi chini, kwenye kivuli. Bi Zena peke yake ndiye anapita juu. Anamrusha kuku wake upande wa pili wa utepe, kisha anainama na kupita. Wakimuuliza anasema havuki, anamfuata kuku.

Dada alipotoka hospitali alirudi kwetu na mtoto, wakampa jina Faraja, nyumbani tu. Kila mwezi anakwenda kliniki ng'ambo, Faraja yuko mgongoni. Kliniki ya wajawazito, maana ya watoto hawamruhusu. Nesi anampapasa tumbo, anatazama mgongoni kwake, anaandika: mtoto anacheza vizuri.

"Nesi, dada yangu," dada humwambia, "si unamuona huyu?"

"Namuona, mama. Mzuri kweli, macho kama yako. Lakini nikiandika umezaa, nitaulizwa siku ile ulifikaje hapa na mto umejaa."

"Basi mchome chanjo tu, usiandike."

"Chanjo kwa mtoto ambaye hajazaliwa? Mama, mimi nina familia."

Mwanzoni tulicheka. Shemeji alisema ni bahati, mwenye mimba anapewa chandarua. Lakini wiki iliyopita wamesema surua imeingia Chamwela, kijiji cha jirani, na mtoto mmoja amezikwa. Tangu siku hiyo hakuna anayecheka nyumbani. Dada halali. Anamgusa Faraja paji la uso, anatoa mkono, anarudisha mkono.

Jana akanifuata jikoni. "Mzindue wewe," akaniambia.

Tukamzindua nyuma ya jiko. Tulimfunga Faraja kiunoni utepe wa choo cha shemeji, nikaukata kwa mkasi wa mama, wakapiga vigelegele vya kunong'ona. Dada akambeba mbio mpaka kliniki. Nesi akasikiliza yote, hata machozi yalimlenga. Akasema anaamini kabisa, ila mimi niliyemzindua ni mstaafu. Anatakiwa mgeni rasmi aliye kazini.

*

Leo Bwana Mpangala amekuja nyumbani kaleta utepe. Ameuweka mezani, akakaa, kofia magotini.

"Kuna tarehe?" mama akamuuliza.

"Hakuna, mama Siwema. Nimeuleta tu. Nimeona ukiwa tayari na tarehe inaweza kuja." Akanigeukia mimi, akatoa simu, akanionyesha namba. "Hii ni ya Katibu wa Mheshimiwa. Mwandikie."

Nikamsukumia simu yake aandike mwenyewe.

"Mimi nikiandika nitaonekana nalalamika, mwanangu. Nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Wewe umeshastaafu."

Basi nimeupiga pasi utepe, nikausindikiza mpaka darajani ukafungwa. Dada alikuja na Faraja, akamweka chini apunge hewa. Faraja ametambaa mpaka kwenye utepe, ameushika kwa mikono miwili, amejivuta, amesimama. Ndiyo mara yake ya kwanza kusimama. Kaimu Utepe alipiga makofi halafu akaangalia nyuma kama kuna mtu amemuona.

Niliporudi nyumbani nikachukua simu ya mama. Kuongea siwezi lakini kuandika naweza. Nimeandika hivi:

"Shikamoo Katibu. Mimi ni Siwema wa Mikongeni, niliyeshika sinia. Utepe uko tayari, na mshono hauonekani mtu akisimama mbali. Mtoto wa dada yangu leo ameanza kusimama. Anasimama kwa kuushika utepe, kwa hiyo Mheshimiwa akija kuukata, naomba atuambie kwanza tumtoe. Na kama kuna nafasi siku hiyohiyo, naomba amzindue na yeye, hana hotuba ndefu. Surua imefika Chamwela. Tunaomba tarehe yoyote."

Nimeutuma ujumbe. Zimetokea tiki mbili. Baada ya muda zikawa za bluu. Juu pakatokea kwamba anaandika. Pakaacha. Pakatokea tena kwamba anaandika, dada akaja akasimama nyuma yangu na Faraja begani, tukatazama wote. Pakaacha.

Mama ameniuliza kama amwage mkaa wa pasi. Nimemwambia asubiri kidogo.